Jinsi ya kuchagua na kuajiri askari polisi wanaofaa: mwongozo kamili kwa kamati za ajira

Askari polisi hufanya sehemu kubwa ya kazi yake bila mkubwa wake kumwona. Saa nane za usiku yuko barabarani na mwenzake mmoja, wamemsimamisha dereva mwenye hofu, na hakuna mwingine wa kushuhudia litakalotokea. Mamlaka ya kukamata, kupekua, kuingia nyumba ya mtu na hata kutumia silaha yako mikononi mwake dakika hiyo, wakati mkuu wa kituo amelala. Ndiyo maana swali la kamati ya ajira ni moja tu, hata likiulizwa kwa njia kumi: huyu akiachwa peke yake na mtu asiye na uwezo wa kumjibu, atafanya nini?

Kamati nyingi hulikwepa swali hili bila kujua. Zinaanza na vinavyopimika haraka, yaani kimo, meno, mbio na vyeti. Mwenendo unaachwa mwisho, muda umekwisha, orodha ya majina tayari ipo na magari ya kuwapeleka makurutu chuoni yameshakodiwa. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Kanuni za Msingi kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, mjini Havana mwaka 1990, kanuni ya 18 ilizitaka serikali zihakikishe kwamba polisi wanapatikana kwa mchujo unaofaa na wana sifa za kimaadili, kisaikolojia na kimwili za kuifanya kazi yao. Angalia mpangilio wa maneno hayo: maadili mbele, mwili nyuma.

Hatua zinazofuata ni za wajumbe wa kamati na maofisa utumishi. Kijana anayejiandaa kuomba naye azisome, ajue anatazamwa wapi.

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kumtafuta mtu

Chukua kitabu cha matukio cha kituo kimoja chenye shughuli nyingi, soma miezi mitatu, kisha hesabu. Ngapi ni ugomvi wa nyumbani, ngapi ni wizi mdogo, ngapi ni ajali, ngapi ni mtoto aliyepotea, ngapi ni majambazi wenye silaha. Fuatana na askari wa zamu siku mbili tatu uone saa zake zinakwenda wapi. Utakuta zinakwenda kwenye kuandika maelezo, kutuliza watu, kulinda eneo la tukio, kusimama lindo na kusubiri mahakamani. Kukimbizana na mhalifu kupo, ila kunachukua sehemu ndogo sana ya wiki.

Kutokana na hesabu hiyo andika sifa unazozitafuta, zisizidi saba, kwa kuwa zaidi ya hapo msaili hawezi kuzipima kwa makini. Kila sifa iandikwe kama tendo linaloonekana. “Awe na hekima” haipimiki. “Akitukanwa, anabaki kwenye jambo lililomleta” inapimika. “Awe mwaminifu” ni maneno ya hotuba. “Anasema kosa lake kabla hujalifumbua” ni kitu unachoweza kukipa alama.

Hapa pia tenganisha kazi mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni kuwaondoa wasiofaa kabisa. Ya pili ni kuwapata walio bora kati ya waliobaki. Upekuzi, yaani kuchunguza historia na mwenendo wa mwombaji, na uchunguzi wa akili hufanya zaidi kazi ya kwanza. Usaili na mazoezi ya kuigiza hufanya ya pili. Mtu kutokuwa na doa hakumfanyi afae. Amepita mlango wa kwanza tu.

Hatua ya 2: Weka masharti, na kila sharti lijitetee

Umri, uraia, elimu, kutokuwa na hatia ya jinai: hayo yanajulikana. Kazi yako ni kuuliza kila sharti lina sababu gani. London ilipoanzisha polisi wake mwaka 1829, konstebo alitakiwa awe na kimo kisichopungua futi 5 na inchi 7. Leo polisi wa Uingereza hawana kima cha chini cha urefu, na kazi haijasimama. Sharti la kimo lilikuwa linawaondoa wanawake wengi kabla hawajafungua mdomo, bila yeyote kuweza kuonyesha kwamba sentimita nne zinapunguza wizi.

Hasara yake haikuwa ndogo. Tume ya Christopher, iliyochunguza polisi wa Los Angeles mwaka 1991 baada ya askari wake kumpiga Rodney King, dereva mweusi, ilikuta kwamba maofisa wanawake walihusika katika matumizi mabaya ya nguvu kwa kiwango cha chini sana kuliko wanaume. Sharti likiwafungia nje watu wa namna hiyo, basi limefanya kazi kinyume.

Andika pia mapema, kabla hujaona jina la mwombaji yeyote, mambo yatakayomwondoa mtu moja kwa moja na yale yatakayojadiliwa. Ukingoja mpaka faili liwe mezani, utajikuta unalegeza kanuni kwa unayempenda na kuikaza kwa usiyempenda. Ushauri wangu ni kuwa mkali kwenye uongo, ukatili na wizi, na kuwa na subira na ujinga wa ujanani. Aliyekamatwa na bangi akiwa na miaka 17, akaandika mwenyewe kwenye fomu, nitamsikiliza. Aliyeficha, simsikilizi.

Hatua ya 3: Tangazo ndilo linaloanza kuchuja

Ukitangaza kwa picha ya askari mwenye bunduki akiruka ukuta, watakuja wanaopenda bunduki na kuta. Ukimwonyesha askari ameketi na mzee aliyeibiwa, wataanza kujitokeza watu ambao hawakuwahi kufikiria upolisi. Yaseme wazi na mabaya ya kazi: zamu za usiku, sikukuu ukiwa lindo, uhamisho wa ghafla, matusi, maiti. Atakayekata tamaa kwa kusoma tangazo amekuokolea gharama ya kumfundisha.

Jamii nzima ijione humo. Ireland ya Kaskazini ndiyo mfano ulio wazi zaidi ninaoujua. Polisi wake walikuwa karibu wote Waprotestanti, Wakatoliki wakiwa asilimia 8 hivi, na mitaa mizima haikuwaamini. Kufuatia ripoti ya mwaka 1999 ya Tume ya Patten, iliyoundwa kupendekeza mageuzi ya polisi hao, kuanzia 2001 nusu ya makurutu ilichukuliwa kutoka kwa Wakatoliki waliofaulu mchujo na nusu kutoka kwa wengine. Utaratibu huo ulipofungwa mwaka 2011, Wakatoliki walikuwa wamekaribia asilimia 30. Zingatia kwamba nusu hiyo ilichukuliwa ndani ya kundi la waliofaulu. Kiwango hakikushushwa, ila mlango ulisukumwa ukafunguka zaidi.

Maombi yasiwe na ada. Ada ndogo humzuia maskini mwenye akili, na humfundisha mwombaji siku ya kwanza kwamba huduma ya polisi hulipiwa.

Hatua ya 4: Vyeti na mtihani wa kuandika

Hapa pita haraka lakini usiruke. Cheti kihakikiwe na mamlaka iliyokitoa, nawe uwasiliane nayo moja kwa moja; barua ya uthibitisho iliyoletwa na mwombaji mwenyewe haina thamani. Mtihani uwe wa kazi. Waonyeshe waombaji filamu ya dakika tano ya ajali au ugomvi, izime, kisha waandike taarifa: nani, wapi, saa ngapi, nini kilitangulia nini. Atakayejaza taarifa kwa mambo ambayo hayakuwamo kwenye filamu, mwekee alama nyekundu. Askari anayebuni kidogo kwenye karatasi ya mtihani atabuni zaidi kwenye jalada la kesi.

Usiwaogope werevu. Mji wa New London, jimbo la Connecticut huko Marekani, ulimkataa mwombaji kwa kuwa alipata alama za juu mno kwenye mtihani wa akili, kwa hofu kwamba atachoka na kazi na kuondoka. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa iliukubalia mji huo, kwamba sera hiyo haikuvunja katiba. Jambo linaweza kuwa halali na bado likawa upumbavu.

Hatua ya 5: Mwili, kwa kiasi chake

Pima kinachohitajika kazini na usizidishe. Uingereza hutumia mbio za kwenda na kurudi za mita 15 zinazoongozwa na mlio, na anayefika kiwango cha 5.4, yaani hatua ya tano, mzunguko wa nne, amefaulu. Si mtihani mgumu kwa mtu mwenye afya, na haukukusudiwa kuwa mgumu. Mbio ziwe za kufaulu au kufeli. Ukianza kutoa alama za ziada kwa mwenye kasi zaidi, mshindi wa mbio atampita mtu aliyemzidi busara, na hilo nusura nilione kwa macho yangu; nitalisimulia kwenye hatua ya saba. Waombaji wapate tarehe mapema wajiandae, na awepo mhudumu wa afya uwanjani. Watu huanguka.

Hatua ya 6: Usaili wenye maswali yaleyale kwa wote

Usaili wa kupiga soga hupima kama msaili amempenda mtu. Utafiti wa miongo mingi juu ya ajira umeonyesha kwamba usaili wenye maswali yaliyopangwa na vipimo vilivyoandikwa hubashiri utendaji kazini vizuri kuliko mazungumzo ya kienyeji. Kuupanga si kazi ngumu.

Wasaili wawe watatu, mmoja wao raia asiye polisi. Mimi husisitiza sana huyo raia, kwa kuwa polisi wawili wakikaa pamoja wanaanza kumtafuta kijana anayefanana nao walipokuwa vijana. Maswali yawe yaleyale, kwa mpangilio uleule, na kila msaili aandike alama zake kabla ya mtu kutoa maoni. Mwenyekiti akisema mwanzoni “huyu kijana yuko vizuri”, alama za wengine wawili zimeshaharibika.

Swali la “kwa nini unataka kuwa polisi” liulize la kwanza ili mwombaji atulie, usilipe uzito. Wote wamekariri jibu la kuitumikia nchi. Vivyo hivyo “mwenzako akipokea rushwa utafanyaje”. Hakuna atakayekuambia atagawana naye. Uliza yaliyopita:

“Tueleze mara ya mwisho ulipokuwa na madaraka juu ya mtu, awe mdogo wako, mwanafunzi uliyemsimamia au mfanyakazi, naye akakataa kukutii. Ulifanya nini?”

Kabla ya siku ya usaili, kamati iwe imeandika alama zitatolewaje. Kwa swali hili mimi hutumia kipimo cha 1 hadi 5:

1: Anajivunia alivyomkomesha, au anasema hajawahi kupingwa maishani mwake.
3: Alitulia, akapeleka jambo kwa mkubwa, lakini hawezi kueleza yule mwingine alikuwa na hoja gani.
5: Anaeleza upande wa yule mwingine kwa haki, anataja alichokosea yeye mwenyewe, na anasema angefanya nini tofauti.

Kisha lifuate swali dogo ambalo kwangu ndilo lenye faida kuliko yote: “Nani mwingine alikuwepo? Tukimuuliza, atasemaje?” Aliyetunga hadithi huanza kupunguza watu: kumbe walikuwa wawili tu, kumbe yule shahidi alihama. Aliyesema kweli hutoa jina, na wakati mwingine hucheka na kusema, “Huyo atasema nilikasirika zaidi ya nilivyowaambia.”

Mwombaji mtulivu asiyejua kujieleza kwa madaha asionewe. Unatafuta askari, humtafuti mshereheshaji. Mpe muda, rudia swali kwa maneno yaleyale, unyamaze.

Hatua ya 7: Mazoezi ya kuigiza

Mtu anaweza kukariri majibu, lakini ni vigumu kukariri hasira yake. Tayarisha chumba, meza, viti viwili na mwigizaji aliyefundishwa. Mwombaji apewe karatasi yenye mistari michache: wewe ni askari wa zamu kaunta, mama huyu ameibiwa simu, una dakika nane kupata maelezo ya kutosha. Mwigizaji awe na mambo matatu anayoyafanya kwa kila mwombaji bila kubadilisha: dakika ya pili anaruka kutoka jambo moja kwenda lingine, dakika ya nne analaumu polisi wote kuwa ni wezi, dakika ya sita analia. Akimwonea huruma mmoja na kumlainishia, zoezi limekufa.

Siku moja tulikuwa na vijana wawili waliofuatana. Wa kwanza alikuwa ameongoza mbio, mrefu, sauti nzito, na mwenyekiti wetu alishamtia machoni tangu asubuhi. Aliingia, hakukaa. Alisimama upande wa pili wa meza, kalamu mkononi, akawa anaigonga kila mama anapotoka nje ya swali. “Mama, jibu ninachokuuliza.” Mama akapandisha sauti, naye akapandisha yake. Lilipokuja lile la polisi wezi, shingo ilimkaza. “Basi kama hutaki msaada, nenda.” Dakika tatu zilibaki. Kwenye karatasi yake kulikuwa na jina la mama na neno “simu”.

Wa pili alikuwa mfupi, wa katikati kwenye mbio, na usaili wake ulikuwa wa kawaida. Alivuta kiti akaketi kabla hajasema kitu. “Pole sana mama. Tuanze pale uliposhuka kwenye gari.” Alipoambiwa polisi ni wezi alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nimekusikia. Huyo kijana alikimbilia upande gani?” Mwishoni alimsomea mama alichoandika. Mama akamrekebisha: koti lilikuwa la kijani, si la bluu. Akakata, akaandika kijani, akatia saini ndogo pembeni ya marekebisho, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha.

Mwenyekiti bado alimtaka wa kwanza. Tulibishana mpaka giza likaingia. Fomu za alama ndizo zilizotusaidia. Bila zile karatasi, sauti nzito ingeshinda.

Hatua ya 8: Upekuzi

Hapa ndipo pesa na muda wako vinapaswa kwenda, na hapa ndipo hukatwa kwanza kunapokuwa na haraka ya kujaza nafasi. Miami iliajiri polisi wengi kwa pupa mwanzoni mwa miaka ya 1980, uhalifu ulipopanda. Julai 1985 wauza dawa watatu walizama katika Mto Miami wakati askari walipovamia boti yao ili kuiba kokeini, na uchunguzi uliofuata uliwafikisha maofisa kadhaa gerezani. Wengi wa wahusika walikuwa wameingia katika ule msimu wa pupa.

Miaka haijaliponya tatizo. Baada ya askari wa London kumteka na kumuua Sarah Everard mwaka 2021, ripoti ya mwaka 2024 ya Elish Angiolini, mwanasheria aliyeongoza uchunguzi, ilisema askari huyo hakupaswa kabisa kupewa kazi ya polisi. Dalili zilikuwapo kwa miaka. Wakaguzi wa polisi wa Uingereza, katika ripoti yao ya Novemba 2022, walisoma mafaili 725 ya upekuzi na kukuta 131 ambayo uamuzi wake ulikuwa wa kutiliwa shaka.

Anza na fomu ndefu ya historia ya maisha: kila anwani, kila kazi, kila shule, kila kesi, kila deni, kila nchi aliyoishi. Mweleze mwombaji kabla hajaandika kwamba kosa linaweza kujadiliwa lakini uwongo hauna rufaa. Kisha chukua alama za vidole na uzitafute kwenye kumbukumbu za jinai. Jina pekee halitoshi, watu hubadili majina.

Wadhamini aliowataja watamsifu, na ndiyo sababu aliwataja. Waone hata hivyo, lakini lengo lako kwao liwe kupata majina mengine: “Nani mwingine anamfahamu vizuri?” Hao wa mkono wa pili hawakuandaliwa. Nenda kwa mwenye nyumba aliyempangisha, msimamizi wake wa zamani, jirani wa ukuta mmoja, mtu aliyewahi kuishi naye. Nenda mwenyewe ukiweza, kwa sababu simu haionyeshi uso. Kuna swali ambalo mpekuzi mmoja mstaafu alinifundisha na sijaliacha: “Ukipiga simu polisi usiku, ungependa huyu ndiye aje?” Usisikilize jibu tu. Sikiliza muda unaopita kabla ya jibu.

Vurugu za nyumbani zitafute kwa makusudi, maana hazijiandikishi zenyewe kwenye rekodi. Marekani tangu mwaka 1996 ina sheria ya shirikisho inayomkataza aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, hata kwa kosa dogo, kumiliki bunduki, na polisi hawakusamehewa. Fikiria maana yake kiofisi: unaajiri mtu ambaye hawezi kisheria kushika kifaa cha kazi.

Aliyewahi kuwa polisi, mwanajeshi au mlinzi mahali pengine, lete faili lake lote la nidhamu, si barua ya kuachia kazi. “Alijiuzulu kwa hiari” mara nyingi humaanisha aliondoka kabla ya uchunguzi kumalizika. Kama mwajiri wa zamani hataki kutoa faili, mwombaji na atie saini ya kuruhusu. Asipotaka, umepata jibu lako.

Madeni yasikutishe kwa wingi wake. Maskini huwa na madeni. Tazama kilichofichwa, na tazama kamari. Kwenye mitandao ya kijamii tafuta mazoea ya muda mrefu, kama dharau kwa kundi fulani la watu au furaha ya kuona mtu akipigwa. Utani mmoja wa miaka sita iliyopita usiubebe kama ushahidi.

Mashine ya kupima uongo? Idara kadhaa huitumia. Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani lilihitimisha mwaka 2003 kwamba usahihi wake haukidhi mchujo wa wafanyakazi. Faida yake pekee ninayoiona ni kwamba baadhi ya watu hukiri kwa kuiogopa, na kwa hilo hata fomu iliyoandikwa vizuri inatosha.

Haki ya mwombaji iwe ndani ya upekuzi wenyewe. Jirani anaweza kuwa na kinyongo cha mpaka wa kiwanja. Taarifa mbaya ithibitishwe na chanzo cha pili kisichojuana na cha kwanza, na mwombaji aitwe aambiwe: “Tumesikia hivi, wewe unasemaje?” Mara mbili nimeona maelezo ya mwombaji yakimsafisha kabisa.

Hatua ya 9: Daktari na mwanasaikolojia

Vipimo vyao viache mwisho, baada ya kumwahidi mwombaji nafasi kwa sharti la kufaulu. Marekani sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inadai hivyo, ila hata pasipo sheria kuna mantiki: vipimo hivi ni ghali, na siri za mwili wa mtu usiyemwajiri hazikuhusu. Daktari apewe orodha ya kazi uliyoandika hatua ya kwanza, apime kwa hiyo. Uoni wa rangi, kwa mfano, una maana kwa askari atakayeelezea gari lililokimbia. Vitabu vya madoa ya rangi vya Ishihara vimetumika tangu 1917 na vinatosha kuanzia.

Upande wa akili, tumia dodoso lililothibitishwa, kama lile la haiba la Minnesota (MMPI) lililotoka katika miaka ya 1940 na kufanyiwa marekebisho baadaye, pamoja na mahojiano ya ana kwa ana na mwanasaikolojia anayeijua kazi ya polisi. Dodoso pekee lisimwondoe mtu. Mwanasaikolojia naye akupe anafaa, hafai au ana mashaka, na sababu zinazohusu kazi. Usimwombe akuambie nani ni “kiongozi wa kesho”.

Hatua ya 10: Uamuzi, na vile vimemo

Mpaka sasa umefanya kila kitu sawasawa. Kisha simu inalia: mkubwa fulani ana mtoto wa dada yake. Kila kamati ya ajira inajua kimemo, kiwe karatasi, ujumbe wa simu au salamu tu za mdomo. Kukikataa kwa ujasiri kunahitaji shujaa, na utaratibu usiwategemee mashujaa. Wape waombaji namba badala ya majina kwenye mitihani yote ya kuandika. Wasaili wapangwe kwa kura asubuhi ya siku yenyewe. Alama ziandikwe kwa wino, nakala iende mahali pengine jioni hiyohiyo. Na weka daftari la mawasiliano: kila anayepiga simu kumhusu mwombaji anaandikwa, jina lake na saa. Mwambie kwa adabu, “Sawa mheshimiwa, nakuandika kwenye daftari.” Wengi hukata simu hapo.

Kamati isome faili zima kabla ya kupiga kura, na sababu ya kumchukua au kumkataa iandikwe kwa sentensi mbili tatu. Kama nafasi ni 200 na wanaofaa ni 163, ajiri 163. Najua bajeti itarudishwa na wakubwa watanung'unika. Wale 37 wa kujazia utaishi nao miaka thelathini.

Waliokosa wajulishwe mapema, waambiwe wanaweza kuomba tena au la. Watu hawa wataendelea kuwa raia wanaopiga simu kituoni.

Hatua ya 11: Chuo na majaribio ni sehemu ya mchujo

Konstebo aliyepewa namba 1 katika polisi wapya wa London, Septemba 1829, alifukuzwa kwa ulevi saa nne tu baada ya kuanza kazi. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, lakini mimi naona kuna jambo walilolifanya vizuri: walimwondoa siku hiyohiyo.

Wakufunzi wa chuo wawe na fomu za sifa zilezile za hatua ya kwanza na wajaze kila mwezi. Kurutu anayewaonea wenzake bwenini anakuonyesha jibu la lile swali la mwanzo; usilifunike kwa kuwa analenga shabaha vizuri. Baada ya chuo, mkabidhi kwa askari mlezi mwenye sifa ya kufundisha, kama walivyofanya San Jose, California, tangu mwaka 1972, ambapo mlezi humpa askari mpya alama kila siku kwa vipimo vilivyoandikwa. Kwa hiyo mlezi achaguliwe kwa makini kuliko kurutu mwenyewe. Mlezi mbovu wa wiki moja anafuta miezi sita ya chuo kwa sentensi moja: “Sahau waliyokufundisha kule.”

Mwezi mmoja kabla ya majaribio kwisha, kamati ikutane tena na itoe uamuzi wa maandishi: athibitishwe, aongezewe muda au aondoke. Pasiwe na kuthibitishwa kwa ukimya.

Hifadhi karatasi zote za usaili, mazoezi na upekuzi kwa miaka mitano au zaidi. Kila askari anapofukuzwa kwa utovu wa nidhamu, toa faili lake la ajira, ita walewale waliompitisha, na waoneshe alama walizompa swali kwa swali. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, fomu ya kwanza kufunguliwa ilikuwa na mwandiko wangu.